Bata Mzinga na Kaseti ya Bibi

Nianze na ujinga wenyewe, maana ukisubiri nifike huko kwa adabu utachoka. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilijifungia kwenye kabati la makoti, nikabonyeza kitufe chekundu cha redio kaseti, nikamsalimia bibi yangu wa Tabora kwa sauti ya mwanawe. Mwanawe ni baba yangu. Baba alikuwa hai, alikuwa bafuni hatua kumi kutoka pale, ananyoa ndevu. Hakujua kitu.

Ndiyo hivyo. Sasa unaweza kukaa vizuri.

Nimelikumbuka jambo hili juzi tu, tulipokuwa tunafungasha. Tunahama Saint Paul, huku Amerika, kwenda Blaine, kwenye nyumba mpya ambayo bado inanuka rangi, mahali ambapo bila gari huwezi kununua hata chumvi. Mama alinipa kazi ya kulimaliza kabati la makoti, na huko chini, nyuma ya mabuti, nikaikuta ile redio kaseti imelala, imefungwa kwa waya wake yenyewe. Nina miaka kumi na saba, bado nina mitihani ya hesabu inayonisubiri nifeli, kwa hiyo sijidai mzee. Lakini nilipoinusa ile redio (ndiyo, niliinusa, wewe hujawahi kunusa kitu?) ilitoka harufu ya asali, nikajikuta nimekaa chini kati ya mabuti kama mstaafu.

Enzi zile simu tulikuwa hatupigi sana. Bibi hakuwa nayo. Ilibidi upige kwenye duka la jirani yake, mtoto atumwe akamwite, na mpaka bibi abadilishe khanga na kufika, sisi tumeshamaliza na mwenye duka habari zote za mvua. Kwa hiyo tulikuwa tunatumiana kaseti. Jumapili moja kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, mama alikuwa anaondoa sahani, anafuta meza, anaiweka redio katikati, halafu anatuamuru tuzime hita, kwa sababu bibi aliwahi kulalamika kwamba Amerika kuna upepo unaowakatiza watu maneno. Basi tunakaa na makoti mezani, harufu ya pilau bado iko hewani, nje magari ya kukwangua theluji yanakwaruza lami, na kila mtu anasubiri zamu yake. Mkubwa kwanza: baba, mama, dada, mimi. Dada alikuwa anasema, "Shikamoo bibi, mimi niko fine," halafu anaisukuma redio kwangu kama sufuria ya moto.

Baba ndiye alikuwa fundi wa kaseti. Alikuwa na sauti nene ya polepole, sauti ya mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Ni mhandisi, anafanya kazi kwenye moja ya yale makampuni ya Golden Valley yenye majani yaliyonyolewa kuliko mimi. Kila jioni alipofika nyumbani alikuwa anapigapiga mabuti kwenye kizingiti theluji idondoke, na kabla hajavua hata kofia, anaita: "Mwalimu! Mwalimu yupo?" Mama alikuwa mwalimu wa darasa la nne kabla hatujaja huku, na mpaka leo anasahihisha hata orodha ya vitu vya dukani. Popote alipo ndani ya nyumba alikuwa anajibu, "Yupo, ila hapokei wachelewaji." Kila siku, maneno yale yale. Mimi na dada tulikuwa tunasonya kwa zamu.

Majibu ya bibi yalikuwa yanatufikia baada ya wiki tano, sita, ndani ya bahasha inayonata. Bibi hajui kutuma kitu bila asali. Anaweka kichupa, anakifunga kwa plastiki na uzi, na kila safari kinavuja. Kaseti zake tulikuwa tunazifuta kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya kuzicheza. Halafu unasikia jogoo, mvua kwenye bati, mtu anapiga hodi, na bibi anamjibu, "Karibu, kaa hapo kimya, naongea na Amerika."

Sasa tumwache bibi kidogo, twende kwa bata.

Mama alikuwa, na bado ni, mhudumu kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Shule ilipotoka, basi lilikuwa linanishusha pale, nasubiri zamu yake iishe. Palikuwa pananuka supu ya kuku na dawa ya sakafu. Kwenye ukumbi kulikuwa na televisheni kubwa, na kila alasiri kituo fulani kilikuwa kinarusha katuni za zamani, zamani kuliko mama. Niliyempenda mimi alikuwa bata mzinga mmoja aliyevaa kofia ya polisi iliyomzidi kichwa, analinda daraja la mbao. Kila anayetaka kuvuka anamzuia: "Simama hapo! Hujaniambia unakokwenda!" Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyemeza gogo. Darasani kwetu bata mzinga nilikuwa mimi. Mwalimu wa jiografia alikuwa hawezi kuifuata chaki iliyoanguka bila kusimamishwa. Nilishatolewa nje kwa ajili ya yule ndege mpaka mlango ukanizoea.

Kati ya wazee wale palikuwa na kikongwe mmoja mwanamke, Mmarekani, wa chumba cha kumi na mbili, mwembamba, amevaa sweta la kijani siku zote, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Alikuwa haongei na mtu. Siku moja nikamwona anaangalia katuni ile ile, na midomo yake inacheza. Nikadhani anasali. Nilipoangalia vizuri nikaona midomo ile inatangulia. Bata hajafungua mdomo, yeye keshafungua.

Nikamkimbilia anti mmoja Mkenya aliyekuwa anafanya kazi na mama. Alikuwa anakunja mashuka.

"Wee kijana," akaniambia, "kumbe hujui? Huyo ndege wa TV ni huyu shosho. Ni yeye ali-do hiyo voice. Daughter yake ndiye alituambia."

"Unanidanganya, anti."

"Nikudanganye ndio nipate nini? Enda umuulize. Na um-greet kwanza, usimwendee na hizo tabia zenu za huku."

Nikaenda, nikamsalimia, nikauliza. (Yeye na mimi tulikuwa tunaongea Kiingereza, bila shaka. Nakuwekea kwa Kiswahili kwa sababu mama atausoma ukurasa huu akiwa na kalamu nyekundu.) Kikongwe akanitazama, akajifuta midomo kwa leso, na kutoka kwenye kifua kile kidogo kama cha kuku wa kienyeji likatoka lile gogo: "Simama hapo! Hujaniambia unakokwenda!"

Nilisimama. Ungesimama na wewe.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa naacha begi langu ukumbini na kwenda kukaa naye. Aliniambia walikuwa wanarekodi Minneapolis, kwenye chumba cha chini ya duka la viatu, na kwamba wote walikuwa wanavua viatu vyao mlangoni kwa sababu mbao za sakafu zilikuwa zinalia. Bangili marufuku. Sweta laini tu, kwa sababu nguo ngumu zinasikika. Kila mtu alikuwa na tufaha lake la kijani, anang'ata kipande kabla ya kusema, mate yasije yakasikika yakinata mdomoni. Ukitakiwa uongee ukiwa pangoni, unaingiza kichwa kwenye ndoo. Yeye alikuwa bata mzinga, alikuwa pia mbweha adui wa bata, alikuwa mke wa tarishi na mtoto mchanga wa tarishi, na siku moja alikuwa upepo, kwa sababu aliyepangiwa kuwa upepo aliamka na mafua. Jina lake halikuandikwa mwisho wa katuni hata mara moja. Watoto walikuwa wanaandika barua kwa Bwana Bata, na kila mtu alijua Bwana Bata ni mwanamume mnene mwenye sharubu.

Nikamfanyia bata wangu. Alisikiliza amefumba macho.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya vipi? Darasa zima wanacheka."

"Wanacheka kwa sababu wewe ni mkorofi. Unaiga kelele. Hebu niambie, bata anataka nini?"

"Anataka watu wasivuke."

"Angetaka wasivuke angeng'oa mbao. Anataka wasimame waongee naye. Yuko peke yake pale darajani kutwa nzima." Akavuta sweta lake. "Jua kwanza anachokitaka. Koo litatafuta njia lenyewe."

Msimu ule wote wa baridi nilifanya mazoezi. Nilikuwa mwalimu mkuu, nilikuwa anti Mkenya, nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa anayetangaza theluji kama anatangaza harusi. Sauti yangu ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, kwa hiyo nilikuwa na sauti mbili za kuchezea. Ila niliyemuweza kuliko wote alikuwa baba. Siku moja nilisimama nyuma ya mlango wa dada nikamwambia kwa sauti ya baba akaoshe gari nje. Alitoka na ndoo. Nyuzi joto zilikuwa chini ya sifuri. Dada hajanisamehe mpaka leo, na mimi sijamwomba.

Halafu, baridi nyingine ilipokaribia, baba akafanyiwa operesheni.

Alikuwa na uvimbe shingoni. Madaktari walimwambia mapema kwamba mshipa wa fahamu unaoongoza sauti umepita jirani mno, na akakubali. Uvimbe ukatoka, haukuwa wa kutisha, lakini sauti nayo ikaondoka. Kilichobaki ni mnong'ono wenye mchanga ndani yake. Walisema utakuwa hivyo hivyo. Baba alirudi nyumbani, akajaribu kuagiza chai, akajisikia, akanyamaza. Baada ya hapo akitaka kitu alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko, na akitaka kueleza jambo refu anaandika kwenye kidaftari. Jioni alikuwa anafika, anapigapiga mabuti kizingitini, halafu basi. Jikoni mama alikuwa anafunga bomba la maji anaposikia mabuti. Anasimama kidogo. Halafu analifungua tena.

Bibi hakuambiwa. Hiyo ndiyo sheria, na kama una ndugu nyumbani unaijua bila kufundishwa. "Ana presha," mama alisema. "Akisikia operesheni atalala macho, na hawezi hata kuja kumkorogea uji. Tutamwambia akishapona." Kwa hiyo kaseti ya kwanza tukasema baba yuko kazini. Ya pili, baba amesafiri kikazi. Ya tatu zamu ilinifikia mimi, nikasema baba amelala.

Jibu lilikuja linanata kuliko kawaida. Tukakaa mezani, tukazima hita.

"Mke wa mwanangu," bibi akasema baada ya jogoo, "mimi nakuheshimu, na asali yako hiyo hapo. Lakini mimi si mtoto. Kaseti ya kwanza yuko kazini. Ya pili yuko safarini. Ya tatu amelala. Mtu gani analala kaseti nzima? Jirani yangu hapa mwanawe alikuwa amelala Ujerumani miezi minne, kumbe walishamzika. Sasa sikilizeni. Kaseti ijayo nisipomsikia mwanangu kwa masikio yangu, natandika mikeka nje, naita watu waje wanipe pole."

Kisha akatusalimia mmoja mmoja, akatuombea dua, kaseti ikaisha.

Mama akamgeukia baba. "Baba watoto, sema naye. Hata neno moja. Atakufanyia msiba uko hai."

Baba akaandika kwenye kidaftari, akakisukuma. Nilisoma kichwa chini: *Akiisikia sauti hii ndiyo ataita watu kweli.*

"Afadhali aisikie hiyo."

Akatikisa kichwa. Akachukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani. Mama akarekodi peke yake siku hiyo, akamwapia bibi kwa kila kitu isipokuwa ukweli, akaitia kaseti kwenye bahasha na kuiweka juu ya jokofu ipelekwe posta kesho yake. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Niliuona. Nilikuwa mtoto wa kuona upande wa pili mtupu.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya wengine. Kikongwe alishaniambia sauti nene hurekodiwa mtu akitoka tu kitandani, kabla koo halijajua kama kumekucha. Nikachukua tufaha la kijani, nikaitoa kaseti kwenye bahasha, nikavua soksi kwa usalama, na baba alipoamka akaingia bafuni kunyoa, nikaingia kabatini na redio, nikajifunika makoti ya watu wanne. Nikajiuliza swali la kikongwe: baba anataka nini? Nikajijibu haraka haraka kama kwenye mtihani. Anataka bibi asiwe na wasiwasi. Nikang'ata tufaha. Nikabonyeza.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Mama, usitandike mkeka wowote, mimi ni mzima kabisa. Ni kazi tu zimenizidi, na hii baridi."

Ilitoka nzuri, rafiki yangu. Ilitoka kama baba kajificha kooni kwangu. Na mimi kitu kikitoka kizuri huwa sijui kukiacha. Nikaendelea.

"Na huyu kijana wangu, mama, huyu wa mwisho. Yaani ana akili za ajabu. Anatusaidia sana hapa. Ukipata asali nyingine, ya kwake itenganishe."

Nikairudisha kaseti kwenye bahasha, nikaenda shule, nikawa bata mzinga kutwa nzima.

Alasiri nikamsimulia kikongwe. Nilitegemea anipongeze. Alikuwa anahangaika kufunga kifungo cha sweta lake, akaacha.

"Na akiamini?" akaniuliza.

"Si ndiyo vizuri?"

"Akiamini atataka nyingine. Mimi nilidhani nitakuwa bata wiki mbili."

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Usiku... hapana, sitakudanganya, nililala vizuri tu. Lakini mchana, kwenye basi la shule, nilianza kupiga hesabu za maisha yangu: kila mwezi, kabatini, na tufaha, mpaka bibi afe au mimi nioe. Na baba je? Kama bibi ameshampata mwanawe kwenye kaseti, huyu wa kugonga kikombe nani atamhitaji? Nilitamani posta iipoteze ile bahasha. Posta ya Amerika, ukitaka ipoteze kitu, haipotezi.

Wiki zikapita. Kila nilipofika nyumbani nilikuwa naligusa sanduku la barua kwa kidole kuona kama linanata. Mwishowe siku moja lilinata.

Jumapili. Meza ikafutwa. Hita ikazimwa. Baba akakaa mahali pake na kikombe chake.

"Bismillahi," bibi akaanza. Jogoo mmoja, kwa mbali. "Mwanangu, nimekusikia."

Baba akainua kichwa. Mama akamtazama baba, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona tangu operesheni. Alidhani baba alirekodi kwa siri. Aliweka hata mkono juu ya mkono wake. Baba akatikisa kichwa polepole. Mama akauondoa mkono. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi. Dada pia. Sijui kwa nini katika nyumba ile hakuna siku watu waliwahi kumgeukia dada.

"Nikaita majirani," bibi anaendelea, "wakaja, wakasikiliza, wakapiga vigelegele, tukanywa chai. Walipoondoka nikaurudisha mkanda nyuma, nikasikiliza peke yangu. Sauti ni yake. Lakini mwanangu tangu mdogo akitaka kunidanganya lazima acheke kwanza. Kidogo tu, puani. Alivunja chungu changu, akacheka, akasema ni paka. Aliniaga anakwenda Amerika miaka miwili tu, akacheka vile vile. Sasa huyu ananiambia ni mzima kabisa, na hakucheka. Sauti ni yake, uongo si wake. Tena hakuna baba mwenye akili zake anayemsifu mtoto wake kiasi kile. Wewe mjukuu wangu, marahaba. Asali yako nitaitenganisha, na siku ukikanyaga hapa nitakuchapa. Sasa ondoka hapo kwenye mashine, mpishe baba yako. Kama hana sauti, akohoe. Kama hawezi kukohoa, apumue. Nimemzaa mimi, nitamjua."

Mkanda ukaendelea kuzunguka. Mvua ilikuwa inaanza kwenye bati la Tabora, matone makubwa makubwa. Mimi nilikuwa nimetazama kijiko.

Nikasikia kitu, nikainua macho. Baba alikuwa anacheka. Kidogo tu, puani.

Akasimama, akaitoa kaseti ya bibi, akatia mpya, akaivuta redio karibu na kifua chake. Mkono wake ulikaa juu ya kitufe chekundu muda mrefu kiasi kwamba dada alitaka kumsaidia, mama akamzuia kwa jicho. Akabonyeza.

"Shikamoo, mama," akasema. Mchanga mtupu. Akavuta pumzi, akacheka tena puani. "Mimi ni mzima kabisa."

Halafu akamweleza ukweli wote. Ilimchukua upande mzima wa kaseti, kwa sababu alikuwa anapumzika kila baada ya maneno matatu, na katikati hapo gari la kukwangua theluji lilipita tukashindwa kumsikia kabisa, akasubiri lipite, akaendelea. Bibi hakutandika mikeka. Alituma vichupa viwili vya asali, kimoja kimeandikwa jina langu, na hicho ndicho kilichovuja.

Siku hizi bibi ana simu ndani ya nyumba. Tunanunua kadi, tunapiga, tunasema dakika tano, tunakata. Sauti inafika safi, hakuna jogoo wala hodi, na hakuna mtu anayevaa koti mezani kwa ajili yake. Kituo kile cha televisheni kimeacha katuni, alasiri wanauza mashine za kupunguza tumbo. Kikongwe alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata. Anti Mkenya alikata tangazo lake kwenye gazeti akaniletea: mama wa watoto wawili, alipenda kufuma. Bata hakutajwa. Nilimwona mara moja zaidi kabla hawajamwondoa, bata, amesimama pale pale darajani anazuia watu, na midomo ya kuitangulia yake haikuwepo. Mimi mwenyewe sauti imekwisha kuvunjika na imeamua kuwa nene. Watu wakipiga simu nyumbani wananiita mhandisi, wananiuliza habari za kazini, na nisipochoka nawajibu.

Redio kaseti nimeitia kwenye boksi la Blaine. Nimeandika juu yake "vyombo" ili mama asiitupe.

Lakini nimebakisha kitu kimoja. Jumapili ile, baada ya kaseti, hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Baba alilala kwenye kochi mchana ule ule, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Dada akaenda kwa rafiki yake. Mimi nikaanza kuosha sufuria ya pilau bila kutumwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mama alikuwa pembeni yangu anafuta sahani. Alifuta moja muda mrefu sana. Kisha akanyoosha mkono akafunga bomba la maji, na bila kunitazama akasema:

"Vyombo utaosha wewe mpaka shule zifungwe. Na bibi yako utamwandikia barua ya kumwomba radhi, kwa mkono wako, na nisione kosa hata moja. Sasa nenda pale mlangoni, vaa mabuti ya baba yako, uyapigepige, halafu niite. Mara moja tu."